Weka Mtungi Chini: Namna ya Kupima Thieta ya Mtaani

Usianze kwa kuhesabu vichwa. Isukuti ikilia Kawangware, watu hujaa kabla hujamaliza kikombe cha chai, na kikundi kibovu huonekana kizuri. Hao wameitwa na ngoma. Ngoja inyamaze, maneno yaanze, kisha tazama nani ametua mzigo. Mama aliyeweka mtungi wa maji chini amekwisha kuamua. Aliyesimama nao kichwani bado yuko njiani.

Nazungumzia ile thieta ambayo wasanii wa Kibera na Kawangware huiita magnet, yaani sumaku. Kikundi hurudi uwanja uleule, siku ileile, saa ileile, na kisa hakiendi mbele bila mkono wa waliozunguka. Igizo likifika penye utata, mwezeshaji hulisimamisha, na mtazamaji huingia kuchukua nafasi ya mhusika. Wazo la mtazamaji kuvuka mstari hivyo lilienezwa duniani na Mbrazili Augusto Boal, aliyefariki mwaka 2009. Lakini nani kati yetu hakucheza kalongolongo? Uji wa matope ndani ya mkebe wa Blue Band, huyu baba, huyu mama, huyu mgeni ametoka ushago. Na sote tunamkumbuka yule mtoto aliyetaka kuwa baba kila siku na kumpangia kila mtu la kusema. Kufikia saa kumi alibaki peke yake na mkebe wake. Vikundi vingi vya watu wazima hufa kifo hichohicho.

Basi sikiliza kwanza kisa kinaposimamishwa. Tuseme mwenye ploti amefunga mlango kwa kufuli, mtoto anaumwa, na mama wa mtoto ameshika pesa za chama zinazopaswa kukabidhiwa mwenzake kesho. Mwezeshaji dhaifu atauliza, “Je, kula pesa za chama ni vizuri?” Umati utaitikia “Hapanaaa!” kama darasa la Jumapili, na hapo hakuna tena cha kuigiza. Mjuzi atauliza jua likitua mama huyu atalala wapi, kisha atanyamaza. Ukimya huo ndio ufundi, na wachache huuweza. Ukisikia wanawake wawili nyuma yako wameanza kubishana, mmoja akisema chama kingemwelewa, mwingine akisema chama hakielewi mtu, umepata kikundi chenye akili.

Kisha mtazame mwigizaji, si yule anayeingia. Muuza mahamri akija kucheza mwenye ploti, hana mafunzo, sauti yake inapanda na kushuka, Kiswahili chake kimechanganyika na lugha ya kwao. Mwigizaji mwenye kiburi atamcheka, au atamrudisha kwenye maneno yaliyokaririwa. Fundi atamfuata. Muuza mahamri akisema yeye mwenye ploti pia anadaiwa, fundi atashtuka kwelikweli na kuuliza anadaiwa na nani, na papo hapo igizo limepata chumba kipya. Hata yule mlevi wa asubuhi anayeingilia kila neno hafukuzwi. Anafanywa shahidi aliyeona kufuli ikiwekwa, anapewa mahali pa kusimama, na anatulia kwa sababu ana kazi.

Lakini kipimo kikubwa hukipati siku hiyo. Rudi wiki inayofuata. Je, lile deni la mwenye ploti bado lipo? Kikundi kikianza upya kana kwamba hakuna aliyesema kitu, muuza mahamri atajua alitumiwa, na hatarudi. Kikianzia pale alipoacha, atakuja na jirani yake. Angalia pia nani anawasimulia waliochelewa. Mwezeshaji akifanya kazi hiyo peke yake, kisa ni chake. Waliosimama wakimkatiza, “Hapana, kufuli iliwekwa kabla ya mvua,” ni chao. Na mwigizaji akikosekana kwa sababu amepata kibarua Industrial Area, jambo la kawaida, sikiliza wanavyoziba pengo. Kumweka mwingine kimyakimya ni uvivu. Ni bora isemwe kwamba mhusika ameenda ushago kwa mazishi, na wiki ijayo arudi na habari.

Mfano mkubwa wa kisa kuwa mali ya watu uko Limuru. Mwaka 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika igizo la Ngaahika Ndeenda, na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ wakalisahihisha mazoezini: namna wazee wanavyosema, namna wimbo unavyoimbwa, kazi ya kiwandani ilivyo. Mazoezi yalikuwa ya wazi, kwa hiyo mtu aliyekuja kutazama onyesho alikuja kutazama alichokwisha kukitia mkono. Lilianza Oktoba, likapigwa marufuku Novemba, na mwishoni mwa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Mwaka 1982 thieta yenyewe ilibomolewa. Serikali haikuhangaika hivyo kwa ajili ya karatasi.

Kuhusu mfadhili nitasema kidogo. Mhusika akianza ghafla kuongea kama kijikaratasi cha kliniki, ujue hapo ndipo pesa zilipoingia. Sentensi moja nasamehe. Tatu, naondoka. Na soda zikigawiwa, usihukumu chochote mpaka uje siku isiyo na soda.

Siku hizi kisa huendelea WhatsApp kati ya wiki na wiki. Kundi likiwa na matangazo ya saa na mahali tu, limelala. Wakitumiana sauti za dakika mbili kulaumu chama cha kubuni kana kwamba ni cha shangazi yao, liko hai.

Ukienda Kamukunji ya Kibera au viwanja vya Kawangware, usikubali kiti cha plastiki cha mgeni. Simama nyuma, palipo na mitungi. Nenda mara mbili. Na mwezeshaji akikuashiria uingie, ingia.