Kahawa ya Mpanda na Hukumu ya Maneno

Neno mkahawa limetokana na kahawa. Lakini mikahawa mingi ya Tanzania bara leo huuza chai, wali na chapati, na kahawa yenyewe imetoka nje ikaketi kando ya njia. Huko imepata makao mengine yaitwayo kijiwe. Mjini Mpanda, kama katika miji mingi ya bara, mtu atakaye kahawa alfajiri, au jua likishatua, hatafuti mlango wala ubao wa jina. Hutafuta birika jeusi juu ya jiko la mkaa, vikombe vidogo visivyo na mkono, sinia ya kashata za karanga, na mabenchi yanayotazamana.

Kijiwe hutajwa kwa dharau. Habari ikiitwa ya kijiweni, maana yake ni kwamba haina msingi, na aliyeileta hana kazi. Hukumu hiyo yastahili kupimwa, maana hata msomaji wa fasihi huweza kuikubali bila kuichunguza. Yeye husafiri mbali kutafuta ngano za wazee, kumbe njiani amelipita benchi lenye watu kumi, mmoja akisimulia na tisa wakimhakiki.

Watawala wa zamani hawakulidharau benchi kama hilo. Mwaka 1511 kahawa ilipigwa marufuku mjini Makka, na mikusanyiko ya wanywaji ikawa miongoni mwa mashtaka. Desemba 1675 Mfalme Charles II wa Uingereza alitoa amri ya kufunga nyumba za kahawa, kwa hoja kwamba humo habari za uongo zilienezwa juu ya serikali. Amri ikaondolewa kabla haijatimizwa. Haikuwa ladha ya kinywaji iliyowatia hofu. Waliogopa watu waliokaa pamoja wakayapima maneno ya wakubwa.

Mpanda ina sababu yake ya kulihitaji benchi. Reli ya kutoka Kaliua ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi. Machimbo makubwa yakafungwa mwaka 1960, reli ikabaki, na watu wakaendelea kuja. Wabende, Wakonongo na Wapimbwe walikuwa na ardhi yao pande hizo. Wakaja Wafipa, Waha na Wasukuma. Baada ya mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi, maelfu ya wakimbizi walipewa makazi Katumba, na baadaye Mishamo. Wengi wao wakawa raia wa Tanzania. Mwaka 2012 Katavi ikatengwa na Rukwa ikawa mkoa, Mpanda ikawa makao yake makuu, na maofisa wakaongezeka. Baraza ya pwani aghalabu huwakutanisha watu wa mtaa mmoja, wajuanao kwa ukoo. Benchi la Mpanda huweza kuwakutanisha watu ambao babu zao hawakusalimiana kwa lugha moja. Hapo Kiswahili hujaribiwa kila siku: je, neno hili limefahamika, au limemfikia jirani likiwa na maana nyingine?

Sanaa ya mazungumzo hayo ina kanuni, ingawa hazikuandikwa. Mwenye habari haanzi na habari. Husalimu, huketi, hupokea kikombe, kisha hutupa swali dogo ili aone nani atalidaka. Akirefusha, hukatizwa kwa mzaha. Akitia chumvi, huulizwa siku na mahali. Akishikwa katika uongo, hucheka pamoja na waliomshika, kwani akikasirika amekwisha shindwa. Muuza kahawa husema machache, lakini kikombe anachokijaza bila kuombwa humwongezea msemaji muda. Wachezaji wa drafti, walioinamia vizibo vya soda, hujifanya hawasikii, na mara nyingi ndio watoao neno la mwisho. Mwanafunzi anayesoma darasani juu ya fanani na hadhira angewaona wote wawili hapa wakibadilishana viti.

Hata hivyo, kuisifu sanaa bila kuonya aibu zake si uhakiki. Aibu ya kwanza ya kijiwe ni kwamba hupenda ushindi kuliko ukweli. Mwenye ulimi mwepesi huweza kumnyamazisha ajuaye, na kicheko kikahesabiwa kuwa hoja. Ya pili ni usahaulifu: jambo lililotengenezwa kwa ustadi jioni hutoweka pamoja na majivu ya jiko, wala msemaji hawezi kesho kuhojiwa kwa aliyoyasema.

Aibu ya tatu ndiyo kubwa. Benchi hujisifu kwamba ni la watu wote, na ni kweli kwamba huwapokea mgeni na mwenyeji, ofisa na mkulima, bila kuwauliza asili. Lakini wanawake hawaketi hapo ila kwa nadra. Kashata iliyo juu ya sinia mara nyingi imepikwa nyumbani na mwanamke. Bei ya sukari na ya mkaa inayobishaniwa na wanaume yeye huijua kuliko wao, kwa kuwa ndiye aliyezinunua. Hoja yake haifiki. Ubishi huendelea kwa ufasaha mkubwa, ukiwa umepungukiwa na shahidi mkuu.

Basi, kosa la kijiwe si uvivu, kama wasemavyo wenye kukidharau. Kosa lake ni kwamba baraza lililojua kumsikiliza mgeni kutoka ng'ambo ya mpaka halijajifunza kumsikiliza mtu wa nyumba ya pili. Atakayeiandika fasihi ya benchi hilo hana budi kuandika yaliyosemwa na namna yalivyosemwa. Kisha avuke njia, aende kwa mpika kashata, amsomee ubishi wa jana juu ya bei ya sukari, na kuliandika jibu lake.