Ufundi wa Sili ya Ekseli ya Nyuma

Sili ya ekseli ya nyuma ni pete ya chuma iliyovikwa mpira, nayo hukaa mwishoni mwa bomba la ekseli kuzuia oili ya difu isifuate shafti hadi kwenye gurudumu. Kazi yenyewe hufanywa na mdomo mwembamba wa mpira unaoigusa shafti, huku springi laini iliyouzunguka ikiubana. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Freudenberg ya Weinheim, Ujerumani, ambayo asili yake ni kiwanda cha ngozi, ilianza kutengeneza sili za namna hii zilizobuniwa na Walther Simmer. Mdomo wa sili za kwanza ulikuwa wa ngozi. Mpira wa viwandani ulifuata baadaye. Umbo halijabadilika sana tangu hapo, wala udhaifu wake. Miaka ikipita mpira hukakamaa, ncha hulika, na oili hupata njia.

Dalili huonekana upande wa ndani wa tairi: umelowa, vumbi limegandamana, na gari huvuta upande mmoja likifungwa breki. Fundi mzuri hunusa kabla hajashika spana. Oili ya gia ni nzito na ina harufu kali ya kiberiti. Mafuta ya breki ni mepesi, huoshwa kwa maji, na yakivuja hupungua kwenye kikopo chake. Asiyenusa hubadili sili isiyo na kosa na kuiacha silinda ya breki ikiendelea kuvuja.

Hata sili inapokuwa ndiyo inayovuja, mara nyingi imeponzwa na kingine, na hapa ndipo ustadi wa kazi hii ulipo. Juu ya ekseli kuna kitundu cha kupumulia. Kikizibwa na tope, hewa inayopata moto ndani hukosa pa kutokea, ikaisukuma oili kwenye mdomo wa sili. Gari lililopita majini nalo huingiza maji, na oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Beringi iliyolegea huiacha shafti icheze, na hakuna mdomo wa mpira unaoweza kufuata shafti inayoyumba. Tena kuna oili iliyojazwa kupita kiasi, kosa la mtu aliyedhani anaifadhili difu. Anayebadili sili bila kuuliza maswali haya atairudia kazi ile ile, kwa gharama ya mwenye gari.

Katika pikapu kuukuu kama Toyota Hilux ya miaka ya 1980, beringi imeshindiliwa kwenye shafti. Gari huinuliwa na kukalishwa juu ya stendi, si jeki peke yake, na magurudumu ya mbele huwekewa vigingi. Dramu ikishatoka, bomba la breki na waya wa hendibreki hufunguliwa, kisha nati nne zinazoshika sahani ya breki, na shafti huvutwa pamoja na sahani hiyo. Kama beringi ni mbovu, pete ya chuma inayoizuia hukwanguliwa kwa jiwe la kunolea na kupasuliwa kwa patasi. Kuikata kwa moto wa gesi ni uzembe, maana joto huidhoofisha shafti. Beringi mpya huingizwa kwa presi inayosukuma pete yake ya ndani, na pete ya kuizuia huwa mpya kila mara.

Kisha shafti huchunguzwa pale mdomo ulipokuwa ukisugua. Ukucha ukinasa kwenye mtaro, sili mpya ikiwekwa pale pale itavuja. Mtaro ukiwa mdogo, sili huweza kukaa milimita moja au mbili kando, iguse chuma kizima. Ukiwa mkubwa, shafti huvikwa ala nyembamba ya chuma. Nafasi ya sili husafishwa hadi ing'ae. Upande wenye springi huelekea kwenye oili, na mdomo hupakwa grisi, kwa kuwa mpira mkavu huungua gurudumu linapoanza kuzunguka. Sili hugongwa taratibu kwa kipande cha bomba chenye upana wake, iingie sawasawa bila kupinda.

Kurudisha shafti ndiko hutenganisha fundi na mbabaishaji. Ni nzito, na meno yake ya mwisho ni makali. Ikiachwa ilalie mdomo wa sili, meno huuchana, na kazi yote imepotea ingawa kwa nje kila kitu ni kipya. Fundi huibeba kwa mikono miwili, huiongoza ikiwa sawa, na huigeuza kidogo meno yapate njia yake ndani ya difu.

Breki zilizolowa oili hazifai kukaushwa kwa petroli na kusuguliwa msasa, desturi iliyoenea gereji nyingi. Oili imeingia ndani ya lainingi, na joto likipanda hutoka tena. Lainingi hubadilishwa pande zote mbili. Mwisho hewa hutolewa kwenye breki, na oili hujazwa gari likiwa mahali tambarare, hadi ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia. Mwenye gari na asilipe kabla hajaonyeshwa kuwa kitundu cha kupumulia kimezibuliwa.