Jina Limefichwa, Mama Amejulikana

Sisi tuliotoka Fizi, tukifungua Ripoti Mapping ya Umoja wa Mataifa juu ya Kongo, kitu cha kwanza tunatafuta Makobola. Ipo: siku za mwisho za 1998 na za kwanza za 1999, watu zaidi ya 800 waliuawa. Ripoti ilitoka Oktoba 2010. Ina kurasa zaidi ya 500 na matukio 617, toka Machi 1993 hadi Juni 2003. Nimeisoma kwenye simu, kidogo kidogo, kwa Kifaransa changu cha shule.

Rafiki yangu alisoma kidogo akaniachia. "Hii kitu ni kavu. Watu wetu wako wapi?" Kweli, wachunguzi walisikiliza mashahidi zaidi ya 1,280, lakini humo huwakuti. Unakuta kijiji, tarehe, kundi lenye silaha, idadi ya waliokufa. Na mimi zamani niliona ni kasoro. Sasa naona hapo ndipo walipofanya vizuri.

Kilichonibadilisha ni kijitabu kimoja cha ushuhuda, cha shirika ambalo sitalitaja. Mimi ndiye nilikuwa mkalimani. Fomu ya ridhaa ilikuwa ya Kiingereza, nikaifupisha: "Mama, jina lako halitaandikwa, weka kidole hapa." Akanijibu, "Sawa mwanangu, kama ni wewe." Akaweka kidole gumba. Alisimulia mambo ambayo hata watoto wake hawakuwa wanayajua.

Kijitabu kimeandikwa vizuri, kinaliza. Jina kweli walibadilisha. Lakini waliandika mjane, mama wa mapacha, anakaanga maandazi karibu na bomba la maji. Jamani, hapa kambini nani hamjui? Hapa mtu hajulikani kwa jina la kwenye kadi, anajulikana kwa bomba analochotea na watoto wake. Haikupita wiki, mapacha wakaanza kuulizwa maswali shuleni. Mama hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mimi nilidhani naongea na wewe."

Kwa hiyo kijitabu kinachogusa moyo kimemuumiza mtu, na ripoti kavu imewalinda zaidi ya elfu moja. Siisifii yote. Ukimya uleule umewakinga na watuhumiwa pia: majina yao yamefungiwa, na sisi bado tunasubiri mahakama. Lakini siri ya shahidi na siri ya mtuhumiwa ni mambo mawili, tusiyachanganye.

Ninyi wa mashirika, kidole gumba peke yake siyo ridhaa. Mtu anayeishi kwa mgao, anayesubiri aitwe kwa safari ya nchi ya tatu, anaogopa kukataa. Hata msipomuahidi kitu, yeye anahesabu. Mwambieni wazi, kwa lugha yake, kwamba akikataa hakuna kitakachopungua, na akikubali hakuna kitakachoongezeka. Mwongozo wa Murad, uliotolewa Aprili 2022 kwa jina la Nadia Murad wa Iraki, unamtaka anayehoji ajiulize kwanza kama mahojiano hayo yanaongeza kitu. Kama hayaongezi, asiyafanye.

Na sisi vijana tunaotafsiri na kuandika humu, tusijitoe. Ni sisi tuliofungua mlango. Kabla maneno ya mtu hayajatoka, turudi tukamsomee kwa Kiswahili chote, tumuulize: majirani wakisoma hapa watakujua? Akisema ndiyo, tufute, hata kama ndipo palikuwa patamu.

Makala hii nilimsomea mama yule kabla ya kuituma. Aliniambia nitoe mambo mawili, nikayatoa. Hana mapacha, na hakaangi maandazi. Kidole gumba ndiyo, alisema nikiache.