Kitambaa, po na aibu ya kikojozi

Katika kurasa kama hizi tumezoea kusifu desturi za wazee wetu, na ni haki yao. Lakini desturi ni kama maharagi: mbele ya kupika lazima kuchagua, mawe yatoke. Leo tunataka kuchagua katika jambo ambalo wasomi wengi wanaona haya kuliandika: namna ya kumfundisha mtoto kuachana na kitambaa na kwenda haja mahali panapofaa.

Tuanze na maharagi mazuri. Mtoto wetu wa Kivu alifungwa vipande vya kikwembe kilichochakaa, akabebwa mgongoni, kazi ikaendelea. Kitambaa kikiloa, mtoto alisikia baridi akalia, na mama naye alisikia mgongo unalowa. Wote wawili walipata somo saa ile ile. Juu ya hiyo mama alijifunza kusoma alama: mtoto akiamka, akinyamaza ghafla, akijinyonga kisha ya kunyonya, alimfungua haraka na kumshika pembeni ya nyumba. Kufua kila siku kwa maji ya kuchota mbali kulimfanya awe mwangalifu. Hapo hapakuwa na fimbo hata kidogo.

Kuna wasomi wanaosema kwamba mambo hayo ni ya kijijini, eti mtoto hawezi kujifunza mbele ya miaka miwili. Wazo hilo linatoka mbali. Mwaka 1962 daktari Mmarekani T. Berry Brazelton aliandika juu ya watoto 1170 aliowafuata, akashauri wazazi wangojee mtoto aonyeshe mwenyewe kwamba yuko tayari. Ni shauri jema, kwa sababu alipinga kulazimisha. Lakini mwaka 1977, katika gazeti lile lile la madaktari wa watoto, deVries na mwenzake walieleza habari za Wadigo wa pwani ya Kenya. Kule mama anaanza katika majuma ya kwanza: anakaa chini, miguu ameinyoosha, mtoto yuko katikati, anamtolea sauti fulani mpaka akojoe. Karibu na miezi 5 au 6 mtoto anaitika sauti ile. Mambo haya mawili hayapigani. Brazelton alisema juu ya mtoto anayekwenda peke yake. Wadigo wanafundisha mama na mtoto pamoja.

Sasa mawe. Jiwe la kwanza ni kusema mavi ya mtoto mchanga hayana ubaya, kwa hiyo yanamwagwa nyuma ya nyumba. Sisi tunaokaa kando ya maziwa, ambapo kolera inarudi mara kwa mara, hatuna ruhusa ya kusema hivyo. Yamwagwe ndani ya choo, na maji ya kufulia vitambaa vilevile, kisha mikono ioshwe kwa sabuni.

Jiwe la pili ni zito zaidi. Mtoto akifika miaka mitano au sita na bado analowesha kitanda, anaitwa kikojozi. Anabebeshwa mkeka wake, watoto wenzake wanamfuata na kumwimbia mbele ya majirani. Pengine anachapwa kila asubuhi. Watu wanasema: “Muache apate haya, itamuponyesha.” Sisi tunakataa. Anayekojoa usingizini hakuchagua. Mwili wake bado haujakomaa kumwamsha, na mara nyingi baba anayemcheka alikuwa hivyo hivyo. Tena mtoto aliyekuwa ameisha kuacha anaweza kurudilia kwa sababu ya woga: vita, kukimbia nyumba, kufiwa. Katika jimbo letu nani hajaona hayo? Kumchapa mtoto huyo ni kuchapa kidonda chake. Sisi walimu tunawaona hata katika mwaka wa saba: kijana anakataa kulala kwa shangazi yake, na hasemi sababu.

Ubaya wa siku zetu ndio huu: tumetupa maharagi, tumebakiza mawe. Mtoto wa mjini anafungwa zile za kutupa, ambazo watu wote wanaita Pampers. Hasikii baridi, na mama hasomi alama tena. Kisha materneli inataka mtoto wa miaka mitatu ajue kuomba choo, ndipo haraka na fimbo vinaanza. Franga zikikosekana kitambaa kinarudi, lakini maarifa ya nyanya hayarudi pamoja nacho.

Tunaomba wamama, na wababa pia, wayarudishe. Mtoto wa kitambaa akaribishwe kwenye po kila akiamka na kila akiisha kula, dakika chache tu, bila kumfunga pale. Tundu la choo linamtisha mtoto mdogo, po haimtishi. Akifaulu asifiwe, akikosa, abadilishwe kitambaa bila makelele. Mchana utatangulia, usiku utafuata, pengine kisha ya miaka. Akipita miaka mitano, au akianza upya, kama analia akikojoa, apelekwe kwa daktari, si mbele ya majirani.

Wazee walituachia subira na mzaha mbaya katika kapu moja. Ni juu yetu kuchagua. Fimbo haijakausha kitanda hata kimoja.