Ukali wa Kunolewa

Juzi nililetewa kalenda ya ukutani yenye picha ya mvuvi mbele ya mwamba wa Liuli, ule uliowafanya Wajerumani waiite bandari yake Sphinxhafen. Kila aliyeishika alisema, "Picha kali!" Nikaichukua, nikasogea nayo mlangoni penye mwanga, nikairudisha mezani. Ilikuwa imevutwa kwa simu mara kumi kutoka ufukweni, na haikustahili karatasi ile. Naandika kwa uchungu, maana sifa za namna hiyo ndizo zinazowafundisha vijana wa Mbinga na Mbamba Bay kupiga vibaya.

Kamera ya megapikseli 12 isiyo na lenzi ya mbali haivuti kitu. Inakata kipande cha katikati na kukitanua. Mara mbili, unabaki na megapikseli 3. Mara nne, robo tatu ya megapikseli moja. Mara kumi, pikseli 120,000, ambazo ukizichapa kwa pikseli 300 kila inchi hazijazi hata picha ya pasipoti. Hicho ndicho kipande kilichotanuliwa hadi kikaenea ukurasa wa kalenda.

Asiyejua huangalia uso wa mvuvi. Mimi huanza pale penye giza panapokutana na anga. Kwenye kalenda ile, mgongo wote wa mwamba ulizungukwa na uzi mweupe, mwembamba kama mstari wa chaki, ukashuka mpaka begani kwa mvuvi na kufuata kasia lake hadi majini. Uzi huo haupo Liuli. Umetiwa na simu. Ikikosa maelezo ya kweli, simu hunoa ukingo: upande wa mwanga huung'arisha, upande wa kivuli huutia giza, na jicho linadhani limeona ukali. Mwamba wenyewe ukiutazama jioni, ukingo wake una nyufa na vichaka vinavyouvunjavunja, na mwanga hauishii mahali pamoja. Ukishauona uzi, tazama ndani yake. Matundu ya wavu yameungana yakawa shuka, mawimbi yamekuwa rangi iliyopakwa kwa brashi, nywele zimekuwa kofia. Uzi nje, uji ndani: picha hiyo isifiwe na mama mzazi wa mpigaji tu.

Kijana mmoja wa Mbamba Bay aliniapia kwamba picha yake ya taa za wavuvi wa usipa, mara tano, ilitoka kwenye lenzi ya mbali. Tulikuwa ufukweni, giza limeshaingia. Nikamwambia, "Mwanangu, izibe lenzi hiyo kwa kidole." Akaiziba. Kwenye kioo taa ziliendelea kuwaka vilevile. Lenzi ya mbali hupokea mwanga kidogo, hivyo usiku simu nyingi hurudi kimyakimya kwenye lenzi kuu na kukata. Kijana hakusema uongo. Namba iliyoandikwa kwenye kioo ndiyo iliyomdanganya.

Kuna udanganyifu mkubwa zaidi. Mwaka 2023 mtu mmoja aliiharibu kwa makusudi picha ya mwezi ikawa ukungu, akaiweka kwenye kompyuta, akaipiga kwa mbali na simu ya Samsung. Simu ikampa mwezi wenye mashimo ambayo hayakuwemo kwenye picha aliyoipiga. Huko si kuvuta tena, ni kuchora.

Basi shika haya. Mara mbili inaruhusiwa, hasa kwa simu yenye sensa ya megapikseli 48, kwa sababu kipande chake cha katikati kina megapikseli 12 halisi. Kama lenzi yako ya mbali ni ya mara tano, tumia tano kamili, tena mchana. Usisimame kwenye nne na nusu, maana hapo bado unakata lenzi kuu. Ngolo za Wamatengo, yale mashimo ya kulimia mlimani, hazivutwi kabisa. Panda mlima wa pili, piga kwa upana, asubuhi, mashimo yajipange yenyewe kama masega. Na moshi wa mashamba ukitanda juu ya ziwa, weka simu mfukoni.

Mzee aliyenifundisha kazi Mbinga mjini alikuwa na Zenit yenye lenzi ya milimita 58 na filamu ya picha 36, basi. Siku moja Mbamba Bay alikunja suruali, akaingia ziwani hadi mapajani, mkanda wa kamera kaufupisha mpaka kidevuni. Mtumbwi ulipokaribia alimsalimu mvuvi, akamuuliza habari za usiku, akangoja mpaka yule bwana akamaliza kumjibu na kurudia kukunja wavu wake. Ndipo akapiga, mara moja tu. Picha hiyo ninayo. Siku ile ya kalenda niliitoa kabatini nikaipeleka mlangoni palepale, nikahesabu matundu ya wavu moja baada ya jingine mpaka kwenye kidole gumba cha mvuvi.