Historia ya mji wetu kwenye intaneti: inafaa isomwe kwa sauti

Mwaka wa masomo uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa tano kazi ya nyumbani: waeleze namna mji wetu wa Lubumbashi ulianza. Nilipokusanya karatasi zao, niliona jambo ambalo walimu wenzangu wanalijua muzuri. Karibu wote waliandika maneno yale yale, na alama za koma fasi zile zile. Mji ulianzishwa mwaka 1910. Emile Wangermée njo alichagua fasi ya kuujenga. Jina Elisabethville lilitoka kwa malkia Elisabeth, mke wa Albert wa Kwanza, mfalme wa Ubelgiji. Mwaka 1966 jina likabadilishwa, ukawa Lubumbashi.

Yote ni kweli, na kwa mtihani yanatosha. Lakini katika karatasi zile zote hakukuwa mtu hata mmoja mwenye kupika, mwenye kufua, mwenye kubeba matofali ao kuchimba shaba. Mji ulijengwa, lakini mikono haikuonekana. Na wengi wa watoto wale ni wajukuu wa mikono ile.

Sikuwagombeza juu ya intaneti. Sisi tuliosoma ISP tunakumbuka namna kitabu kimoja kilizunguka kwa watu makumi, na kilipofika kwako kurasa za katikati zilikuwa zimekwisha kung'olewa. Leo mtoto mwenye telefone na mega kidogo anafika kwenye vitabu ambavyo mwalimu wake hakuvishika hata siku moja. Hiyo ni baraka. Ubaya hauko katika chombo, uko katika namna ya kusoma. Basi nilijiuliza: je, kwenye intaneti ile ile hakuna fasi mikono ile inasema yenyewe?

Iko. Na inasema Kiswahili chetu.

Maandiko yenyewe yanaitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Yalipigwa kwa mashine na kutolewa hapa hapa mwaka 1965, kwa jina la chama cha watumishi wa zamani wa nyumba za wazungu, wale tuliokuwa tunaita maboyi. Mwenye kuyaandika ni André Yav. Ni kurasa kama makumi tatu tu. Mtaalamu Johannes Fabian, aliyefundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi katika miaka ya 1970, aliyatoa katika kitabu mwaka 1990, pamoja na tafsiri ya Kiingereza na maelezo marefu. Kisha, mwaka 2001, yaliwekwa kwenye intaneti katika mkusanyo unaoitwa Archives of Popular Swahili, kupitia chuo kikuu cha Amsterdam, kule Uholanzi. Huko njo niliyapata, jioni moja umeme ulipokuwapo.

Usidanganywe na jina. Hayo si kamusi. Ni habari ya mji tangu zamani za wafalme na kuja kwa wazungu, mpaka vita, mishahara, chakula, majina ambayo watu waliwapa mabwana wao, na matata ya miaka ya uhuru. Wazee waliona kwamba vijana hawajue tena maneno ya mambo yale, na neno likipotea, jambo lenyewe linapotea nyuma yake. Kwangu, njo maana ya lile neno vocabulaire.

Sasa niseme pia uzito wake, juu mwenye kusifu bila kupima anamharibia mwenye kusifiwa. Kwanza, ni maandiko magumu kusoma. Alama za kupumzika ni chache sana, maneno yanaungana fasi yanapaswa kuachana, na yanakatwa fasi yanapaswa kuungana. Pili, miaka haifuatane namna mwalimu wa historia anavyotaka: habari moja inarudi mara mbili, nyingine inaruka mbele. Tatu, ni sauti ya wanaume. Wanawake wanatajwa, lakini hawapewe nafasi ya kujisemea wenyewe. Na sisi sote tunajua kwamba katika nyumba zile za wazungu, na katika boyerie nyuma ya lupango, kulikuwa mambo ambayo bamama peke yao wangeweza kueleza.

Nilipowagawia wanafunzi kurasa mbili, walicheka. Mmoja alisema: "Mwalimu, huyu mutu hakusoma." Ninakiri kwamba mimi pia, mara ya kwanza, nilisikia haya kidogo. Tumefundishwa kwamba Kiswahili cha kuandika ni kile cha vitabu vya misioni ao kile cha Tanzania, na kwamba chetu ni cha soko tu. Kwa hiyo, kitu kilichoandikwa na baba zetu wenyewe kinatuonekana kama kosa.

Lakini Fabian anaeleza jambo moja lililonifungua macho. Yeye mwenyewe alishindwa kusikia maandiko haya vema kwa macho tu. Alimwomba Mkongomani mmoja, Kalundi Mango, ayasome kwa sauti, mbele ya mashine ya kunasa sauti. Aliposoma kwa kinywa, maneno yaliyoshikana yaliachana, pumziko likajulikana, na maana ikatoka. Mtaalamu mwenye diploma zote hizo alihitaji kinywa cha mtu wa lugha ile kusudi karatasi iseme.

Nikasema: kama ni hivyo, kinywa kiko kwetu. Nikabeba kurasa zile kwa baba mkubwa wangu, mzee aliyeanza kazi ya boyi mwaka 1954, akiwa kijana. Nilienda na wanafunzi wanne. Mmoja alisoma kwa sauti, mzee akasikiliza na macho yamefungwa. Mwanzoni tulidhani amelala. Halafu akanyoosha mkono: "Weye mwana, pale unasoma mubaya. Rudia." Mtoto akarudia, akiweka pumziko fasi nyingine, na kweli maneno yakageuka. Yule aliyesema mwandishi hakusoma, yeye njo alikuwa hajui kusoma.

Tulipofika kwenye mambo ya chakula na mshahara, mzee alikataa. "Ile ni kwabo. Kwetu haikukuwa vile. Bwana alikuwa anatoa posho kila juma, madame njo alikuwa anaipunguza." Akaeleza namna unga ulipimwa, namna sukari ilitiwa alama kusudi ijulikane kama boyi amegusa. Wanafunzi waliacha kucheka, wakaanza kuandika. Njiani mmoja aliniuliza: "Sasa, mwalimu, nani anasema uongo? Mwenye kuandika ao babu?"

Ndugu wasomaji, swali lile njo sababu ya kuandika kurasa hizi.

Hakuna aliyesema uongo. Lakini angalia kilichotokea: mzee mmoja alisema mwaka 1965, mwingine akamjibu zaidi ya miaka hamsini nyuma yake, na mtoto akawa katikati, akipima. Hiyo njo desturi yetu ya kutunza habari. Wengine wanafikiri kwamba wazee walikuwa wanasema tu na watoto wanaamini. Si kweli. Mzee akieleza ukoo ao mpaka wa shamba, hasemi peke yake chini ya muti. Anasema mbele ya wazee wenzake, na mmoja wao anaweza kukohoa na kusema: "Hapana, yule hakuwa mkubwa, alikuwa mdogo wake." Habari ilikuwa na walinzi. Jan Vansina, katika kitabu chake De la tradition orale cha mwaka 1961, ambacho wengi wetu tulikisoma ISP, alionyesha wanahistoria wa dunia kwamba habari ya kinywa inaweza kuchunguzwa sawa vile karatasi inavyochunguzwa: nani anashuhudia, alipokea kwa nani, ana faida gani kusema hivyo.

Ukurasa wa intaneti hauna mtu wa kukohoa pembeni. Unakuja peke yake, umevaa nguo safi, na mtoto anadhani usafi ni ukweli. Kwa hiyo ninawafundisha wanafunzi wangu maulizo matatu, nimeyachukua kwa wazee si kwa kompyuta. La kwanza: nani anasema? La pili: alisikia ao aliona wapi? La tatu, ambalo tunalisahau: alisema mbele ya nani, na nani angeweza kumkatalia? Habari ya Wangermée ambayo watoto waliinakili ilianguka kwa ulizo la kwanza tu. Hakuna aliyejua nani aliandika.

Nitoe mfano wa pili, ulio mgumu zaidi. Wazee wa Kamalondo na wa komini nyingine bado wanaeleza habari za batumbula, wale walioshika watu usiku juu ya wazungu, na walioshikwa hawakuonekana tena. Mwanafunzi mmoja alipata maandiko ya wanahistoria juu ya habari hizi, maana kuna walioziandika kwa makini: Luise White alitoa kitabu mwaka 2000 juu ya masimulizi ya namna hii katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, pamoja na huku kwetu kwenye shaba. Mwanafunzi akaniletea neno moja kwa Kifaransa: rumeur. Kwake, mambo yalikwisha: ni uvumi, basi si historia.

Hapana. Wanahistoria wenyewe hawaishie pale. Wanauliza: kwa nini watu wa mji wa kazi walieleza hofu yao kwa namna ile? Kwa nini habari inasema juu ya nyama, juu ya usiku, juu ya mtu mweusi anayetumwa na mweupe kumshika mwenzake? Mji ambamo kampani inahesabu watu, inawalisha na kuwapima, ulitoa hadithi ya watu wanaoliwa. Anayesema "ni uvumi" na kufunga telefone amefanya kosa sawa na yule anayeamini kila neno. Wote wawili wamekataa kusikiliza.

Lawama nyingine si ya vijana, ni yetu. Maandiko ya maboyi wa Elisabethville yalitoka hapa, kwa lugha yetu. Leo tafsiri niliyoiona ni ya Kiingereza, lugha ambayo wanafunzi wetu wanaijua kidogo sana. Tunapaswa kupita Amsterdam kusudi tusikie majirani wetu. Simlaumu Fabian, bila yeye pengine kurasa zile zingefungia karanga sokoni. Ninatulaumu sisi walimu, tulioona haya. Si kwamba hakuna kinachofanyika: tangu mwaka 2000 mradi wa Mémoires de Lubumbashi, pamoja na wataalamu wa chuo kikuu chetu kama profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, ulikusanya masimulizi, nyimbo na vitu vya nyumbani, na kuvionyesha katika makumbusho ya mji. Watu waliona sufuria na masanduku ya baba zao yamewekwa kwa heshima. Lakini maonyesho yanafungwa, wataalamu wanastaafu, na ukurasa wa intaneti unaweza kuhama ao kufa siku mwenye kuulipia anapochoka. Asiyeweka nakala nyumbani ameazima tu kumbukumbu yake.

Baba mkubwa wangu tulimsomea mara mbili. Mara ya tatu tulikuta amelazwa, na nyuma ya majuma machache tukamzika. Tulikuwa tumefika ukurasa wa kumi na moja. Kurasa zilizobaki ninaweza kuzisoma peke yangu, ninajua sasa namna ya kuweka pumziko. Lakini sitajua fasi gani angenyoosha mkono na kusema "kwetu haikukuwa vile". Hiyo haitapatikana kwenye intaneti hata siku moja, kwa sababu hakuna aliyeiandika.

Kwa hiyo ninaomba kitu kidogo kwa wanachama wetu na kwa walimu wenzangu. Mtu akipata kwenye intaneti habari nzuri juu ya mji, juu ya kampani, juu ya ukoo ao vita, asiridhike kuituma tu kwa rafiki zake. Aichapishe kwenye karatasi, kurasa mbili zinatosha. Aipeleke kwa mzee ao kwa bibi, hasa kwa bibi, maana wao walisahauliwa mara mingi. Mtoto asome kwa sauti. Na pale mzee anapokataa, pale njo kalamu ianze kazi: tarehe, jina la mwenye kusema, na maneno yake namna yalivyotoka, bila kuyanyoosha yafanane na ya kitabu.

Kwa mtihani, wanafunzi wangu wataendelea kujibu 1910, na watapata alama yao. Lakini wale wanne wanajua pia sukari ilitiwa alama katika jikoni gani, na nani aliyesema. Kurasa kumi na moja zenye majibu ya mzee ziko kwangu, katika daftari ya shule. Zile nyingine bado ni nyeupe pembeni. Mwenye mzee nyumbani, tuzilete.