Tippu Tip, Liemba na Ubishi wa Dola Mbili

Hebu tuanze na ubishi wa kijiweni: kati ya dola ya Sultani wa Unguja na dola ya Kaiser wa Ujerumani, ipi ilifanikiwa zaidi huku mwambao wa Tanganyika? Mtu wa Kigoma mjini atakuonyesha stesheni ya reli na meli ya Liemba, basi, hoja imekwisha. Mtu wa Ujiji atakujibu: sawa, lakini tunabishana kwa lugha gani?

Kitabu kizuri cha kuamulia ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Chenyewe ni mtoto wa dola zote mbili. Mfanyabiashara wa Unguja alikiandika kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Mjerumani, Heinrich Brode, akakigeuza herufi za Kirumi, kikachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Mzee akafariki 1905.

Ukitafuta humo dola yenye mipaka na magavana, utaambulia patupu. Utakachokuta ni deni. Tajiri wa Kihindi kama Taria Topan anatoa mali kwa mkopo Unguja. Msafara unaingia bara na vitambaa, shanga na bunduki. Pembe za ndovu zinarudi pwani. Ujiji ni kituo cha kupumzika na kuvukia ziwa kwenda Manyema. Ndiyo maana ule msemo kwamba zumari ikipigwa Unguja watu wa maziwa makuu hucheza, mimi haunishawishi sana. Humu anayepuliza zumari ni mdai.

Nguvu ya kitabu ni sauti yake: kavu, fupi, kama mtu anayesoma daftari la duka. Anampiga Nsama wa Itawa, kisha tunahesabu pembe. Na hapo hapo ndipo kinapopwaya. Waliokamatwa na waliobebeshwa mizigo hawana majina, hawasemi kitu. Kwa msomaji wa Ujiji, mji wenye wajukuu wa watu waliotoka Manyema, ukimya huo si jambo dogo. Sidhani kama mzee alisahau. Hakuona kama kuna cha kusimulia.

Wajerumani nao wana daftari lao, ila la chuma. Reli ya Kati, zaidi ya kilomita 1,200, ilifika Kigoma 1914. Meli ya Graf von Götzen iliundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa ndani ya masanduku, ikaungwa upya Kigoma na kushushwa majini 1915. Mwaka 1916 wenyewe wakaizamisha, Wabelgiji wasije wakaichukua. Jamani, reli yote ile, halafu kuifaidi huku ziwani ni miaka miwili tu! Waingereza wakaiinua meli 1924, baadaye wakaiita Liemba. Na kwa kuwa reli iliishia Kigoma, kwenye ghuba yenye kina, Ujiji ikabaki pembeni. Mafanikio ya dola moja yakala ya mwenzake.

Sasa nani kashinda? Kwa vitu, Mjerumani. Kwa lugha, Unguja. Ila tusikimbilie kumpa Sultani kombe. Kiswahili hakikufika ziwani kwa amri yake. Kilikuja na misafara, midomoni mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kikashika mizizi sokoni kwenye samaki, chumvi na mawese. Wajerumani wakakikuta, wakakifanya lugha ya ofisi kwa sababu kiliwarahisishia kazi. Kwa hiyo kitu kilichodumu kuliko dola zote mbili ni kazi ya watu ambao kitabu hakiwataji, na waliopandisha vyuma vya Götzen hadi Kigoma hatuwajui pia.

Kisome. Kiswahili chake ni kitamu, na hakuna anayeijua biashara ile kuliko mzee huyu. Ila kila akianza kuhesabu pembe, simama kidogo ujiulize: zilibebwa na nani?